Macho ya mbwa baada ya dawa za maumivu na za usingizi: dalili, chanzo na la kufanya

Malalamiko huwa yale yale. Mbwa katoka kwenye operesheni jana, leo jicho limejaa tongotongo. Mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Utando wa rangi ya waridi umepanda na kufunika nusu ya jicho. Au mbwa mzee, anayemeza vidonge vya maumivu ya viungo kwa miezi kadhaa, macho yake yamepoteza mng'ao na kila asubuhi kope zimegandana. Mengi ya haya hupita yenyewe dawa inapoisha mwilini. Machache humpofusha mbwa ndani ya siku moja au mbili, na siku ya kwanza yote yanaweza kuonekana sawa tu.

Kuna jambo moja linalorahisisha kazi yote inayofuata. Dawa iliyomezwa au kuchomwa sindano husafiri na damu, kwa hiyo huyapata macho yote mawili kwa kiasi kile kile. Jicho moja likitofautiana na la pili, usianze kwa kuilaumu dawa. Anza kwa kulishuku jicho lenyewe. Kanuni hii ina vighairi vichache, na kila kimoja kimetajwa mahali pake hapa chini.

Kabla ya kuangalia dalili yoyote

Andika kwenye karatasi: jina la kila dawa aliyopewa, kiasi kwa miligramu, saa aliyopewa, na uzito wa mbwa. Weka humo pia matone ya macho, kola ya kuzuia kupe, na kidonge chochote cha binadamu ambacho huenda amekiokota. Bila orodha hii daktari wa mifugo atakuwa anabahatisha kama wewe.

Kisha angalia uhai kabla ya macho. Mbwa aliyepumzika huvuta pumzi kama mara 10 hadi 30 kwa dakika. Ufizi uwe wa waridi. Ukiubonyeza kwa kidole uwe mweupe, halafu rangi irudi kabla ya sekunde mbili kupita. Akisinzia, aamke ukimwita kwa sauti au ukimgusa. Kama haamki, anapumua taratibu mno, au ufizi ni wa bluu, wa kijivu au wa kahawia, acha habari za macho na umkimbize hospitali.

Baada ya hapo mtazame usoni kwa mwanga wa kawaida wa chumba, ukiwa umbali wa mkono mmoja. Linganisha ukubwa wa mboni, uwazi wa kope, mng'ao wa konea (kile kioo cha mbele cha jicho), na rangi ya weupe wa jicho. Mguse taratibu ngozi ya kona ya ndani ya jicho: anapaswa kupepesa mara moja, na kope zikutane kabisa. Usiiguse konea, na usilibonyeze jicho lenyewe kwa kisingizio cha kupima presha.

Mboni zote mbili ni ndogo sana

Chanzo cha kwanza, na cha kawaida kabisa, ni dawa za jamii ya afyuni: mofini, metadoni, fentanili, bupenofini na ndugu zake. Kwa mbwa dawa hizi husinyaza mboni. Kwa paka hufanya kinyume, huzitanua, ndiyo maana aliyezoea paka hushtuka bure akimwona mbwa wake, au hutulia pale asipostahili kutulia. Medetomidini na deksmedetomidini, dawa za kutuliza, pia huzipunguza mboni za mbwa.

Angalia saa. Mofini hufanya kazi kwa kama saa 3 hadi 4, bupenofini saa 6 hadi 8. Plasta ya fentanili inayobandikwa kwenye ngozi huchukua saa 12 hadi 24 kuanza kufanya kazi vizuri, kisha huendelea kwa kama siku tatu. Mbwa mwenye plasta kuwa na mboni ndogo siku ya pili si ajabu. Cha kuhakikisha ni kwamba plasta bado ipo mahali pake. Kama imebanduka na haionekani, chukulia kwamba ameimeza, na hiyo ni dharura. Vilevile usimlaze kwenye mkeka wa joto ukigusa plasta, kwa sababu joto huharakisha dawa kuingia mwilini.

Sababu isiyo ya kawaida sana ni matone ya presha ya jicho, mfano latanoprosti, ambayo humfanya mbwa awe na mboni ndogo mno. Hapa ndipo penye kighairi cha kwanza: likitiwa jicho moja, ni hilo moja litakalosinyaa.

Inayobaki ndiyo ya kuogopa: uvimbe wa ndani ya jicho, yaani jicho kuwaka kwa ndani, si kinundu. Namna ya kutofautisha ni hii. Mboni iliyosinyazwa na dawa hukaa ndani ya jicho safi, lenye mng'ao, lililofunguka. Jicho lenye uvimbe wa ndani ni jekundu, lina ukungu, linatoa machozi, na mbwa hulifinya au hukwepa mwanga. Mara nyingi huwa moja, ingawa magonjwa ya damu, yakiwemo yanayoletwa na kupe, huweza kuyashika yote mawili. Hili ni la siku hiyo hiyo, si la kesho.

Mboni ndogo pamoja na mbwa asiyeamshika na pumzi za kuhesabika ni dozi iliyozidi. Ipo dawa ya kuiondoa, naloksoni, lakini huondoa pia utulivu wa maumivu, na inaweza kuisha nguvu kabla ya mofini yenyewe haijaisha. Kwa hiyo si kazi ya nyumbani.

Mboni zote mbili ni kubwa

Anza na yasiyo ugonjwa: chumba chenye giza na hofu. Washa taa, subiri dakika mbili, mtulize, tazama tena.

Kama bado ni kubwa, uliza kama alipewa ketamini au atropini. Ketamini hutanua mboni, huyaacha macho wazi yakikodoa, na huisha ndani ya saa chache. Atropini ya sindano haikai sana, ila matone ya atropini yaliyotiwa kwenye jicho huweza kuiacha mboni ikiwa wazi kwa siku kadhaa. Mbwa huyo akae mbali na jua kali, basi. Na aliyemtia matone anawe mikono: kidole chenye atropini kikigusa jicho la pili, au jicho lake mwenyewe, mboni hutanuka huko nako, na watu hupata mshtuko usio na sababu.

Chanzo ambacho wengi hukikosa ni mchanganyiko wa dawa. Tramadoli, dawa ya maumivu, ikikutana na dawa za wasiwasi na za ubongo kama trazodoni, fluoksetini au selejilini, kemikali ya serotonini huweza kuzidi kwenye ubongo. Mboni kubwa huja pamoja na kutetemeka, kuhangaika, kuhema, mwili kuwa moto na misuli kukakamaa. Pima joto kwa njia ya haja kubwa. Mbwa mwenye afya huwa na takriban nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 40 huku anatetemeka, msimamishie dawa zote na uondoke naye. Amitrazi, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kuogeshea na kola za kupe, nayo hutanua mboni, hulegeza mwili na kupunguza mapigo ya moyo. Ikijumlishwa na dawa za kutuliza inakuwa mzigo mzito.

Mboni kubwa ya jicho moja tu, jicho likiwa jekundu na konea ina rangi ya samawati yenye ukungu, ichukulie kuwa ni presha ya jicho mpaka ithibitishwe vinginevyo. Presha ya kawaida kwa mbwa ni kama 10 hadi 25 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Ikipanda sana, uoni huweza kupotea moja kwa moja ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Ketamini huweza kuipandisha, na kutapika kunakofuata sindano ya mofini hupandisha zaidi. Ndiyo maana mbwa mwenye historia ya presha ya jicho, au mwenye kidonda kirefu cha konea, hapewi dawa inayomtapisha hivi hivi.

Kope la tatu limepanda

Mbwa ana kope la tatu kwenye kona ya ndani, ndilo ule utando wa waridi, na likipanda mwenye mbwa hudhani jicho limepinduka. Sababu, kwa mpangilio wa ukawaida:

- Asepromazini, dawa ya kutuliza. Hulegeza misuli inayolishikilia kope hilo chini. Macho yote mawili hufunikwa nusu, mbwa anaonekana amelewa. Huondoka na usingizi, kwa kawaida ndani ya saa 8, ingawa kwa mbwa mzee au mwenye ini dhaifu huweza kufika saa 24.
- Usingizi mzito wa dawa yoyote. Jicho huzama kidogo ndani ya tundu lake, kope la tatu hupanda. Mwite jina kwa sauti ya furaha. Akiamka kweli, litashuka.
- Ukosefu wa maji mwilini. Mbwa aliyeshinda njaa kabla ya operesheni na akatapika baadaye, macho huzama. Ivute ngozi ya mabega kidogo na uiachie. Ikichelewa kurudi, anahitaji maji, pengine ya dripu.
- Maumivu ya jicho. Mbwa hulivuta jicho ndani ili kulikinga. Hapa atakuwa analifinya pia.
- Hitilafu ya neva ya upande mmoja.

Hiyo ya mwisho ni kighairi cha pili cha kanuni yetu. Ganzi iliyochomwa karibu na neva za bega ili kutuliza mguu wa mbele, na mara chache ile ya uti wa mgongo, huweza kuizima neva inayokwenda kwenye jicho la upande huo. Utaona mboni ndogo, kope la juu limelegea, jicho limezama na kope la tatu limepanda, vyote upande mmoja, wala mbwa halifinyi jicho. Lidokeini huisha kwa saa 1 hadi 2, bupivakeini saa 4 hadi 8. Kusafishwa kwa sikio la kati akiwa amelala huleta picha hiyo hiyo, ila hiyo huchukua wiki. Ikiwa hakuchomwa ganzi wala hakusafishwa sikio, tafuta jeraha la shingo au ugonjwa wa sikio.

Mbwa wa jamii ya Collie na ndugu zake hubeba mara nyingi hitilafu ya jeni iitwayo MDR1, inayowafanya wazidiwe na asepromazini na butofanoli kwa dozi ambayo mbwa mwingine angeisinzia kidogo tu. Mtajie daktari aina ya mbwa kabla ya sindano, hata kama ni chotara.

Usilisukume kope la tatu kwa kidole. Na kama unaona kinundu chekundu, kinene, kwenye kona ya ndani, hiyo ni tezi ya machozi iliyochomoza, haihusiani na dawa. Wapo watu hadi leo wanaoikata. Tezi hiyo hutoa theluthi ya machozi au zaidi. Irudishwe mahali pake kwa upasuaji, isikatwe.

Macho makavu, tongotongo nzito, mng'ao umepotea

Hapa ndipo macho mengi yanapoharibikia, na kwa utaratibu unaozuilika kirahisi. Gawanya kwanza kwa muda.

*Ndani ya siku mbili za mwanzo baada ya sindano au nusu kaputi.* Karibu kila dawa ya kulaza hupunguza machozi. Nusu kaputi huyapunguza kwa kiwango ambacho huweza kubaki chini hadi saa 24, hasa operesheni ikiwa ndefu. Atropini hukausha zaidi. Medetomidini ikichanganywa na butofanoli hukausha kuliko ikipewa peke yake. Juu ya hayo, mbwa aliyelala kwa ketamini au medetomidini hafumbi macho wala hapepesi. Konea haina mishipa ya damu. Huchukua hewa yake kutoka kwenye machozi na unyevu wake hulindwa na kupepesa. Ukiondoa vyote viwili kwa pamoja, ngozi nyembamba ya juu hukauka, huchubuka, na mbwa anapozinduka na kujikuna kwa mguu, mchubuko unakuwa kidonda.

Wanaoumia kuliko wote ni mbwa wa pua fupi: Pug, Shih Tzu, Pekingese, Bulldog. Macho yao yametokeza, kope hazifungi sawasawa hata usingizini, na konea zao hazihisi maumivu kama za wengine, kwa hiyo huweza kuwa na kidonda bila kulifinya jicho sana. Kwa hao, kutolalamika si ushahidi wa usalama.

La kufanya nyumbani:

1. Safisha tongotongo kwa pamba au gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, asilimia 0.9. Futa kutoka kona ya ndani kwenda nje, kipande kipya kwa kila jicho. Tongotongo iliyokauka usiibandue; iloweshe dakika moja kwanza.
2. Tia jeli ya machozi bandia isiyo na dawa ndani yake, kila baada ya saa 4 hadi 6 kwa saa 24 za mwanzo. Kwa mbwa wa pua fupi endelea hadi siku ya pili. Akiwa bado analala macho wazi, iwe kila saa 1 hadi 2.
3. Kutia: nawa mikono, inua kidevu chake, lete mkono kutoka nyuma ya kichwa asiuone ukimjia usoni, vuta kope la chini, weka tone moja au utepe wa urefu wa punje ya mchele. Ncha ya chupa isiguse jicho. Mfumbe kope taratibu isambae.
4. Kama kuna matone mawili tofauti, acha dakika 5 hadi 10 katikati. Ya majimaji hutangulia, ya mafuta humalizia.
5. Mvalishe koni ya shingoni. Wenye huruma huivua usiku, na usiku ndipo anapojikuna.

Jeli ikitumika vizuri, macho ya mbwa asiye na kidonda hurudi kung'aa ndani ya siku moja au mbili. Ukiona analifinya jicho, doa la kijivu au la samawati, kishimo kwenye konea, au sehemu inayoonekana kulainika na kuteleza kama ute wa yai, simamisha kila kitu cha mafuta na umpeleke. Mafuta yakiingia ndani ya jicho lililotoboka huwasha uvimbe mbaya sana. Daktari atatia rangi ya fluoresini, ambayo hushika kijani mahali palipochubuka. Kidonda cha juujuu kikitunzwa hupona ndani ya kama wiki moja. Kisipopona ndani ya muda huo, kuna kinachokizuia, na kinatakiwa kutafutwa.

*Wiki au miezi baada ya kuanza dawa.* Hii ni hadithi nyingine. Dalili ni tongotongo ya manjano au kijani, nzito, inayorudi kila unapoifuta. Konea imefifia, baadaye inaota mishipa na rangi ya kahawia. Watu huitibu kama maambukizi kwa mirija kadhaa ya antibiotiki, inapungua kwa siku tatu, inarudi. Antibiotiki hazirudishi machozi.

Kwenye dawa za maumivu, anayejulikana zaidi kwa kosa hili ni etodolaki: huweza kuharibu tezi za machozi za mbwa. Dawa ikisimamishwa mapema, machozi yana nafasi nzuri zaidi ya kurudi kuliko kwa mbwa aliyeitumia miezi mingi. Fenazopiridini, dawa ya binadamu ya kutuliza maumivu ya mkojo, ni sumu kwa tezi hizo hizo na haifai kabisa kwa mbwa. Parasetamoli kwa dozi iliyozidi nayo imeripotiwa kukausha macho ya mbwa siku chache baadaye, juu ya madhara yake kwa ini na damu. Kabla ya kuisimamisha dawa ya maumivu, angalia pia antibiotiki aliyopewa: zile za salfa, zinazoandikwa mara nyingi pamoja na dawa za maumivu, ni sababu maarufu ya macho makavu. Na ukweli ni kwamba mbwa wengi wenye macho makavu ya kudumu wanayo kwa sababu kinga ya mwili wao inashambulia tezi zenyewe, dawa haina kosa.

Kipimo ni kikaratasi kinachochomekwa kwenye kope la chini kwa dakika 1. Kikilowa milimita 15 na kuendelea ni sawa. 10 hadi 14 ni mpakani. Chini ya 10, ikiwa na dalili, ni jicho kavu. Chini ya 5 ni kavu kabisa. Kipimwe kabla ya matone ya ganzi na kabla ya sindano ya kutuliza, la sivyo unapima dawa badala ya jicho. Likithibitika, matibabu ni siklosporini ya mafuta, kwa kawaida asilimia 0.2 mara mbili kwa siku, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Wengi huiacha wiki ya pili wakidhani haifai.

Jicho moja limefumba baada ya operesheni

Kwanza, kidonda cha konea, kama ilivyoelezwa. Jicho la upande aliolalia hukandamizwa na taulo au meza.

Pili, sabuni ya kuoshea ngozi. Sabuni yenye klorheksidini au spiriti ikidondokea kwenye jicho lililo wazi, mgonjwa amelala hawezi kufumba, huunguza konea. Ikiwa tukio ni la sasa hivi, osha kwa maji ya chumvi ya 0.9 kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha nenda.

Tatu, na hili halisemwi vya kutosha: kazi ya meno. Sindano ya ganzi ya taya la juu, au chombo cha kung'olea jino la nyuma kikiteleza, huweza kulifikia jicho kwa nyuma, hasa kwa mbwa wadogo wenye mfupa mwembamba hapo. Mbwa aliyetolewa meno, kesho yake jicho la upande ule limevimba, jekundu, limefumba au lina damu ndani, arudishwe siku hiyo hiyo na swali liulizwe wazi.

Macho yanachezacheza

Akiwa anazinduka kutoka ketamini, macho kwenda huku na huko kwa dakika kadhaa ni kawaida. Mweke mahali penye giza na kimya, usimwite-ite. Yakiendelea baada ya mbwa kuwa macho kabisa, au akainamisha kichwa upande mmoja na kuanguka, chanzo huwa kwenye sikio la ndani au ubongo. Mbwa wazee hupatwa na hali hii ghafla hata bila dawa yoyote.

Anagonga vitu, anaonekana haoni

Mara nyingi ni ulevi wa dawa tu, gabapentini na trazodoni zikiongoza kwa mbwa wanaotibiwa nyumbani. Mboni zilizosinyaa sana nazo humpa shida gizani. Subiri azinduke, kisha dondosha kipande cha pamba mbele yake: hakina sauti wala harufu kali, mbwa anayeona hukifuata kwa macho. Rudia upande wa pili. Ukimkaribishia kiganja, usipeperushe hewa, maana atapepesa kwa upepo hata kama haoni.

Akishindwa jaribio huku akiwa timamu, akitembea vizuri na kula, usimpe dozi nyingine wala usingoje. Ubongo uliokosa hewa wakati wa nusu kaputi, presha ya damu iliyopanda na kuinua retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), presha ya jicho: yote yanahitaji vipimo.

Kope na uso vimevimba

Mzio. Mofini na pethidini zikisukumwa haraka kwenye mshipa huachilia histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe. Uso na kope huvimba ndani ya dakika hadi saa chache, mara nyingine na vipele mwilini. Uvimbe wa kope peke yake, anapumua vizuri: piga simu uambiwe la kufanya. Uvimbe pamoja na kutapika, kulegea au kupumua kwa shida: usipige simu, nenda.

Rangi ya jicho imebadilika

Weupe wa jicho ukiwa wa manjano kwa mbwa anayetumia karprofeni, dawa ya maumivu ya viungo, au dawa yoyote ya kundi lake, simamisha dozi inayofuata. Kuumia kwa ini hutokea kwa mbwa wachache, na zaidi katika wiki chache za mwanzo. Hutangulia kukosa hamu ya kula na kutapika. Ndani ya kope pakiwa peupe badala ya waridi, angalia kinyesi: kikiwa cheusi kama lami, tumbo linavuja damu. Ibuprofeni, diklofenaki na naproxeni za binadamu ndizo zinazofanya hivi haraka zaidi, na kidonge kimoja chaweza kutosha kumdhuru mbwa mdogo. Damu ndani ya jicho, au vidoa vyekundu kwenye weupe wake, ni ya kupimwa siku hiyo. Dawa hizi huzidisha uvujaji hata pale ambapo hazikuuanzisha.

Visivyowekwa kwenye jicho la mbwa nyumbani

Matone ya ganzi hayaruhusiwi hata siku moja. Huondoa maumivu kwa dakika chache na kuua ngozi ya konea, kidonda hakifungi. Matone yenye steroidi (deksamethasoni, predinisoloni, au mrija wowote wa "jicho jekundu" uliobaki kabatini) hugeuza mchubuko kuwa tundu. Matone ya diklofenaki au ketorolaki huchelewesha uponaji, yasitumike kabla ya rangi ya fluoresini kuonyesha konea ni nzima. Na gabapentini ya maji iliyotengenezwa kwa binadamu, ingawa si ya jicho, isomwe lebo: nyingine ina ksilitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo ni sumu kwa mbwa.

Kabla ya dozi au operesheni inayofuata

Mwambie daktari kilichotokea mara iliyopita, na aina ya jicho: kavu, lenye presha, lililowahi kuwa na kidonda. Omba kipimo cha machozi na cha presha ya jicho vifanywe mbwa akiwa hajachomwa chochote. Omba jeli itiwe mara tu anapolala na irudiwe mpaka anapoanza kupepesa mwenyewe. Kwa mbwa wa macho yaliyotokeza, kamba ifungwe kifuani, si shingoni, na asishikwe kwa nguvu ngozi ya shingo anapochomwa sindano. Jicho huweza kuchomoka nje ya tundu lake. Likichomoka, lifunike kwa gozi iliyolowa maji ya chumvi, usijaribu kulirudisha, na uwe njiani tayari.